Nimemaliza biolojia chuo cha Kikristo, nimerudi nyumbani Malindi: mnaoulizia njooni hapa

Binti wa Dabaso (mleta uzi)

Habari zenu wote. Tangu matokeo ya kidato cha nne yatoke, simu yangu haitulii. Wadogo zangu wa Gede, Ganda, Mambrui na hata Lamu wananiuliza neno lile lile: nimepata nafasi ya kusoma biolojia chuo cha kanisa huko bara, niende au nisiende? Nikimjibu mmoja mmoja sitamaliza, kwa hivyo nayamimina hapa yote niliyoyapitia kwa miaka minne. Uzi ni mrefu. Mwenye haraka aje jioni akishatulia.

Mimi ni mzaliwa wa Dabaso. Kutoka kwetu mpaka hori la Mida ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Baba ni mvuvi, mama anakaanga samaki na kuuza Gede, na Jumapili yumo kwaya. Nilitaka udaktari. Alama hazikufika, nikaingia biolojia shingo upande, na nalisema hilo mapema kwa kuwa najua wengi wenu mko pale pale nilipokuwa mimi.

Chuo changu sitakitaja, maana nataka kusema matamu na machungu bila kumvunjia mtu heshima. Ila mjue vyuo vya Kikristo havifanani. Wakatoliki wana CUEA kule Lang'ata, Wamethodisti wana KeMU Meru, kuna Daystar, na Waadventista wana Baraton kule Nandi, ambacho kilipata hati ya chuo kikuu mwaka 1991, cha kwanza miongoni mwa vyuo binafsi nchini. Kwa Waadventista, jua la Ijumaa likizama vitabu vinafungwa mpaka Jumamosi jua litue. Kwingine Jumamosi unaweza kuitwa maabara kama siku yoyote. Haya yote huandikwa katika kanuni za chuo. Ziombe uzisome kabla hujalipa hata shilingi, maana wengi wanatia saini tu.

Kwetu palikuwa na ibada ya chuo katikati ya wiki, na jina lako linatiwa alama kwamba umefika. Tena yapo masomo ya lazima kwa kila mwanafunzi, awe wa biolojia au wa biashara: Agano la Kale, Agano Jipya, maadili ya Kikristo. Yana mtihani, na alama zake zinaingia kwenye wastani wako. Niliwaona wenzangu waliong'ara kwenye jenetiki, somo la urithi wa sifa, wakaangushwa na Agano la Kale kwa kulidharau, wakalirudia kwa pesa za mzazi.

Sasa niwapeleke maabara, maana ndiko moyo wangu uliko.

Muhula wa kwanza ulinichosha. Kemia ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani (nusu ya biolojia ya chuo ni kemia, mtu asikudanganye) na majina ya Kilatini yalikuwa yanaingia sikio hili na kutokea lile. Wenzangu waliotoka shule kubwa walishaizoea hadubini. Sisi sekondari tulikuwa nayo moja kwa darasa zima, tukaitazama kwa zamu, na zamu yangu haikufika hata dakika mbili. Kwa hiyo nilikaa viti vya nyuma nikanyamaza, wiki baada ya wiki.

Siku moja mhadhiri wa botania akatwambia kila mtu alete jani la mti anaoujua. Wenzangu wakachuma uani mwa chuo. Mimi nilikuwa na jani la mchu nililolitia katikati ya daftari siku nilipoondoka nyumbani, bila sababu yoyote, nadhani ni upweke ulikuwa umeshaanza. Nikaliweka chini ya hadubini. Juu ya jani palikuwa na punje nyeupe zenye pembe kama sukari, na kando yake vitundu vidogo vidogo vimetawanyika. Ni tezi za chumvi. Mchu unasimama ndani ya maji ya bahari, chumvi nyingi unaizuia mizizini, na ile inayopenya unaitema kupitia majani. Mimi nimelamba majani ya mchu tangu sijaanza shule! Watoto wote wa kwetu tumelamba, tukicheza mikokoni maji yakipwa, tukibishana nani amepata lenye kukolea zaidi. Nikajikuta nimesema kwa sauti, "Kumbe ile chumvi!"

Mhadhiri akaja, akainama akatazama, akaniuliza: kwenu mti huu mnauitaje? Nikasema mchu. Akaenda ubaoni akaandika Avicennia marina, na mbele yake akaandika mchu, kwa herufi kubwa sawasawa na zile za Kilatini. Kisha akanitaka nisimame niwaeleze wenzangu unaota wapi, na ile mizizi yake inayochomoza juu ya tope kama kalamu inafanya kazi gani. Nilieleza robo saa nzima. Mizizi ile inavuta hewa, kwa sababu tope la mikokoni halina hewa, ndiyo maana linanuka kama yai viza. Hilo la harufu nilikuwa nalijua; la hewa nililisoma juma lile lile.

Kuanzia siku hiyo sikurudi viti vya nyuma. Na hilo ndilo ninalotaka mlishike, wadogo zangu: mtoto wa pwani akienda kusoma biolojia anakwenda na akiba. Ameona maji yakijaa na kupwa, anajua samaki gani huja na bamvua (siku maji yanapojaa na kupwa sana), anajua mti gani unafaa boriti na upi unafaa kuni. Kinachobaki ni kujifunza kupima na kuandika.

Nitaendelea. Ulizeni.

Nahodha Matondoni

Binti, umenigusa. Mimi nimeacha bahari miaka mitatu sasa, magoti hayataki. Huku Lamu ndiko kwenye mikoko mingi kuliko kaunti nyingine yoyote ya Kenya, na marehemu babu yangu alikuwa mkataji. Mikoko ina aina nyingi. Mlilana tulitolea mataruma, yaani mbavu za jahazi, kwa sababu hupinda wenyewe na hauogopi maji. Mkandaa gamba lake lilitia rangi. Mkomafi ni wa seremala. Muia na mkoko wenyewe ni nguzo za nyumba. Tena fimbo zilikuwa na majina kwa unene wake: fito, pau, boriti, nguzo. Je, huko chuoni wanayajua haya, au wanayo majina ya Kizungu peke yake?

Binti wa Dabaso

Shikamoo Mzee. Walikuwa hawayajui, na ndiyo sababu nimeandika uzi huu. Katika ikolojia tunapima unene wa mti kwa utepe, mita 1.3 kutoka chini. Ule mkoko wenyewe, kwa kuwa una mizizi ya kuinama kama miguu ya buibui, unapimwa juu ya pale mzizi wa mwisho unapotokea. Mwaka wa tatu nilipoleta yale madaraja ya fito, pau, boriti na nguzo darasani, mhadhiri alinitaka niyaweke kwenye jedwali karibu na sentimita zetu. Ukiona msituni fito zimejaa na nguzo hazipo, basi unajua miti mikubwa imekatwa na inayochipua haijapewa muda. Wakataji wa zamani walikuwa wanalijua hilo kwa jicho. Mzee, kama una mjukuu anayejua kuandika, mkalishe akuandikie hayo yote.

Nahodha Matondoni

Marahaba. Ninao watatu. Nitamkalisha yule asiye na haraka.

Mkatekista Maweni

Dada, hongera kwa shahada. Lakini niruhusu niseme lililo moyoni. Mimi nafundisha watoto katekisimu. Mpwa wangu alienda kusoma sayansi, akarudi hasali, anasema binadamu ametokana na nyani. Sasa chuo kinajiita cha Kikristo, kinasali asubuhi, halafu mchana kinafundisha Darwin. Hapo si mnawachanganya watoto wetu?

Binti wa Dabaso

Kaka, swali lako ni la haki na halijanikera hata kidogo. Hata mama aliniuliza hivyo hivyo usiku wa kuamkia safari.

Mhadhiri wetu wa mageuko alikuwa mchungaji aliyewekewa mikono. Alianza kipindi kwa sala, akafungua daftari, akafundisha yote kuanzia Darwin 1859: uteuzi asilia, visukuku, vinasaba, bila kuruka ukurasa. Tukasubiri atusemee kwamba ni uongo. Hakusema. Alisema: "Mtihani wangu utakuuliza ushahidi ni upi na unasema nini. Habari ya imani yako njoo ofisini, nina chai." Nami nilikwenda, si mara moja. Pale ndipo nilipofahamu kwamba biolojia haisemi binadamu ametokana na nyani hawa tunaowaona msituni Arabuko. Inasema sisi na wao tuna wazee wa kale walio wamoja.

Tena makanisa yenyewe hayana kauli moja. Waadventista wanashikilia uumbaji wa siku sita, na mwanafunzi wa biolojia kwao atalisikia hilo waziwazi. Kwa Wakatoliki, ambako wewe mwenyewe uko, Papa Pius XII aliandika mwaka 1950 kwamba asili ya mwili wa binadamu inaweza kuchunguzwa na wataalamu, huku roho ikiaminiwa kuumbwa na Mungu moja kwa moja. Mwaka 1996 Yohane Paulo II akawaambia wanasayansi wa Vatikani kwamba mageuko si dhana tupu tena. Na huyo tunayemwita baba wa jenetiki, Gregor Mendel, alikuwa mtawa wa Waagustino mjini Brno. Alipanda njegere katika bustani ya monasteri, karibu mimea 28,000, akahesabu zenye mbegu laini na zenye makunyanzi mpaka akapata ule uwiano wa laini tatu kwa kila moja yenye makunyanzi. Akachapisha 1866. Hakuna aliyemjali mpaka 1900, naye alikuwa keshakufa. Mtu huyo alisali sala zake kila siku na kuhesabu njegere kila siku.

Mimi bado naimba na mama Jumapili. Siwezi kumsemea mpwa wako. Lakini nakuomba umwulize kwa upole ni nini hasa kilimtoa, maana niliowaona mimi wakiacha kanisa, wengi waliumizwa na watu. Darwin hakuhusika.

Mkatekista Maweni

Nimesoma mara mbili. La 1950 sikulijua. Nitampigia simu.

Mama Binti wa Langoni

Assalamu alaikum. Mwanangu, mimi niko Lamu, si mtu wa kuandika humu, leo imenibidi. Binti yangu ameitwa kusoma biolojia chuo cha Kikristo. Sisi ni Waislamu, baba yake hayuko tena duniani, na wajomba zake wananiambia nikimpeleka huko nimempoteza. Yeye mwenyewe amenyamaza tu, halafu usiku namsikia analia. Niambie ukweli kama mtu aliyeona. Atavaa hijabu? Atasali? Na hili jambo la kupasua vyura, sisi tumefundishwa chura haulwi. Usinifiche.

Binti wa Dabaso

Waalaikum salaam mama, shikamoo. Pole sana kwa kuondokewa. Darasani kwetu walikuwako Waislamu watatu, na mmoja wao ndiye aliyenivusha baiokemia. Lakini mimi si Muislamu, na sitaki nikwambie jambo kwa kubahatisha. Yupo maalim mmoja humu aliyepitia njia hiyo. Nimemwandikia aje.

Maalim wa Mkomani

Waalaikum salaam mamangu. Nimeitikia wito. Mimi ni mtoto wa Lamu, nimesoma biolojia katika chuo cha Kikristo bara, nami leo ni mwalimu wa sekondari huku kwetu. Nitakujibu kama ambavyo ningemjibu mama yangu mzazi.

Hijabu: nilisoma na dada zetu wawili waliovaa siku zote. Uliza kwanza, kwa maandishi, kama kanuni za chuo hicho zinaruhusu, na hayo majibu uyahifadhi. Maabara wanachotaka ni usalama: ncha za mtandio ziingie ndani ya koti, kwa sababu kuna moto wa gesi na kuna asidi.

Sala: chumba cha kusalia hatukupewa. Tulisali bwenini, na Ijumaa tulitoka kwenda msikiti wa mjini. Kipindi kimoja kiliangukia saa saba za Ijumaa, tukaenda kwa mkuu wa idara watu wanne kwa adabu, akakisogeza. Ibada yao tulihudhuria kwa kuwa ndiyo sharti la chuo. Tulikaa kimya, hakuna aliyetulazimisha kutamka neno. Agano la Kale nililipita vizuri, mama. Ibrahim, Yusuf, Musa, Daud, hao si wageni kwangu. Penye tofauti na tulivyofundishwa madrasa, nilijibu mtihani kama kilivyosema kitabu chao, na moyoni nikabaki na changu.

Sasa chura. Hilo ndilo lililoninyima usingizi mimi pia, kwa kuwa ipo hadithi inayokataza kuua chura hata kwa dawa. Nilimfuata fundi wa maabara kabla ya siku yenyewe, si siku yenyewe. Nikamweleza. Akanisikiliza, akasema mwezi ujao tuna samaki, lakini mifumo ya chura lazima uijue. Basi siku hiyo nilichora, mwenzangu akapasua. Moyo wa chura una vyumba vitatu, wa samaki viwili, wetu vinne; nimeuchora mpaka leo naweza kuuchora gizani. Sikupoteza alama. Siku ya samaki kila mtu alikuja mezani kwangu, maana mtoto wa Lamu kumfungua samaki hafundishwi.

Binti yako hatapotea kwa sababu ya chuo. Mpigie simu kila siku mwezi wa kwanza. Huo mwezi ndio mgumu.

Mama Binti wa Langoni

Mwanangu Maalim, Mungu akuweke. Nimemsomea binti yangu maneno yako kwa sauti. Ameniuliza tu hiyo ya gizani ni kweli.

Maalim wa Mkomani

Ni kweli mama. Umeme ulikatika usiku wa kuamkia mtihani.

Baba Watatu Muyeye

Yote mazuri. Mimi nauliza la tumboni. Nikilipa karo miaka minne, mtoto anatoka kuwa nani? Naambiwa anaweza kufanya kazi maabara ya hospitali, naambiwa anaweza kufundisha.

Maalim wa Mkomani

Hapa panahitaji tahadhari, na laiti ningeambiwa mapema. Shahada ya biolojia peke yake haikupi usajili wa TSC, tume inayoajiri walimu. Mimi ilinibidi nisome tena stashahada ya uzamili ya ualimu baada ya shahada. Na TSC wanatazama pia KCSE, mtihani wa kidato cha nne: C+ kwa jumla, na C+ katika masomo mawili utakayofundisha. Mwenye D ya kemia asijipe moyo kwamba atafundisha biolojia na kemia.

Maabara ya hospitali ni mlango mwingine kabisa. Bodi inayosajili wataalamu wa maabara za tiba inataka aliyesomea sayansi ya maabara ya tiba, katika chuo ilichokiidhinisha. Nina rafiki aliyeambiwa na wakala mmoja "ni kitu kimoja tu hicho." Amemaliza miaka minne, bodi haimtambui. Akiona tangazo la kazi anatazama pembeni.

Binti wa Dabaso

Asante Maalim. Baba, naongezea. Kabla ya yote hakikisha chuo na kozi yenyewe vinatambuliwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu.

Kazi zipo ila si nyingi, nami sitaki kukupaka mafuta. Kuna utafiti wa bahari pale KMFRI Mombasa, utafiti wa misitu KEFRI ambao wana kituo Gede papa hapa, kuna KWS la wanyamapori, kuna miradi ya mikoko kama Mikoko Pamoja ya Gazi kule Kwale, wanaolipwa kwa hewa ya ukaa inayofyonzwa na mikoko na pesa zikarudi kijijini. Mimi kwa sasa ni msaidizi wa utafiti kwa mkataba wa miezi, na ukiisha natafuta mwingine. Huo ndio ukweli.

Habari ya karo: HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, wanakopesha hata wa vyuo binafsi; ulizia pia basari ya kaunti na ya CDF, mfuko wa jimbo la uchaguzi. Omba zote, na omba mapema. Mwaka wangu wa tatu basari niliyoahidiwa na ofisi moja ilichelewa, jina langu likaondolewa kwenye orodha ya mtihani siku nne kabla. Mama akauza friji ya samaki. Ile friji ndiyo iliyokuwa kazi yake. Hundi ikaja baada ya wiki sita, friji tulishaiuza kwa bei ya hasara. Nimeshamnunulia nyingine, lakini kila nikiandika neno basari naliona lile pengo jikoni, sakafu nyeupe pale ilipokuwa imesimama.

Mwaka wa Pili Mambrui

Dada mimi niko mwaka wa pili, chuo cha Kikristo pia. Nimechoka. Takwimu sizielewi. Hivi utafiti wa mwaka wa nne ulichaguaje? Sisi tunaambiwa tuanze kufikiria na sina hata wazo.

Binti wa Dabaso

Mdogo wangu, mimi wazo lilinijia nikiwa likizo, nimekaa juu ya ngalawa ya baba iliyokwama topeni.

Wajua wale kaa wadogo wa matope, dume lina gando moja kubwa mno na jingine dogo, hulipungapunga lile kubwa kuwaita majike? Nimewaona maisha yangu yote. Siku hiyo nikajiuliza: gando kubwa liko upande gani? Sikuwa na jibu. Miaka ishirini nimewakanyagia mashimo yao na sikuwahi kutazama.

Nikatengeneza fremu ya mraba ya mbao, nusu mita kila upande, nikanyosha kamba ya mita hamsini kutoka kwenye michu kushuka majini. Unaweka fremu, unakaa kimya kabisa mpaka watoke tena mashimoni (dakika kumi na tano, mbu wakikula), unahesabu: kulia, kushoto, kulia. Unasogea. Kwa aina moja, wa kulia na wa kushoto walikuwa karibu sawa. Kwa aina nyingine, wale wanaokaa chini zaidi kwenye tope laini, karibu wote gando kubwa lilikuwa kulia. Nilidhani nimekosea. Nikarudia bamvua mbili. Yakawa yale yale. Nilipomwonyesha msimamizi akanipa makala za watafiti wa nje: ndivyo ilivyo kwa kundi lile la kaa, popote linapopatikana. Sikugundua jipya kwa dunia. Lakini nililiona mwenyewe, Mida, kwa fremu ya mbao.

Na takwimu ndipo zilipoingia akilini. Jaribio lile la kulinganisha ulichohesabu na ulichotarajia, ambalo darasani nilikuwa nalikariri, sasa lilikuwa linazungumzia kaa wangu. Kisha jambo moja: ratiba ya kwanza ya msimamizi ilinipeleka Mida siku ya maji mafu, saa ambayo hori halikupwi vya kutosha. Nilimwambia Profesa, siku hiyo kaa watakuwa chini ya maji, tusubiri bamvua. Akauliza nimejuaje. Nikamwambia nimezaliwa na mvuvi. Akabadilisha ratiba.

Kwa hivyo rudi Mambrui, nenda mdomo wa Sabaki, kaa chini. Ule mto unaleta udongo mwekundu mpaka bahari inabadilika rangi, na matumbawe ya Hifadhi ya Bahari ya Malindi, iliyowekwa tangu 1968, yako kusini yake. Ndege aitwaye mnana wa Clarke hapatikani popote duniani isipokuwa Kilifi yetu hii. Wanasayansi walimpa jina 1913, na kiota chake hawakukiona mpaka 2013 kule msitu wa Dakatcha. Miaka mia nzima, na ndege anaruka juu ya vichwa vyetu! Ukipata nafasi pita kituo cha Mwamba, Watamu, kwa A Rocha Kenya. Ni shirika la Kikristo la uhifadhi, wao ndio walionifundisha kumshika ndege wa pwani mkononi na kumvalisha pete yenye namba. Moyo wake unapiga kwenye kiganja chako mpaka unaogopa kuvuta pumzi.

Mwaka wa Pili Mambrui

Nimekwenda leo asubuhi. Nimekaa saa mbili. Kuna konokono upande wa matope na hakuna upande wa mchanga. Nimeandika.

Binti wa Dabaso

Sasa hesabu.

Mama Binti wa Langoni

Assalamu alaikum tena wanangu. Chuo wamejibu barua ya hijabu, wamekubali, nimeiweka na vyeti vyake. Wajomba wamenuna lakini mkubwa wao ametoa nauli. Jumapili alfajiri tunavuka Mokowe kupanda basi. Nimemtilia kanga, mswala, mafuta ya nazi, achari. Kuna nini tena cha lazima ambacho mimi sikijui?

Binti wa Dabaso

Alhamdulillahi mama. Sweta mbili nzito, kule asubuhi kuna baridi ya kutetemesha. Viatu vya kufunika vidole, maana kwa ndara hatoingia maabara. Penseli za kuchorea, si kalamu, michoro yote ni ya penseli. Koti jeupe la maabara na kisanduku cha vifaa vya kupasulia asinunue: basi lenu litapita Malindi, nitakuja kituoni nimpe vya kwangu. Koti nimelifua. Kisanduku kina mkasi, kibano, sindano mbili na visu. Kibano kimelegea kidogo, akikaze kwa uzi. Yeye ana kimo gani?

Mama Binti wa Langoni

Ni mrefu, amemfuata baba yake. Lete tu mwanangu. Mikono ikimfupia nitaishusha upindo humo humo ndani ya basi, sindano na uzi mweupe ninavyo.